Ngoma Iliyokamatwa kwa Msaragambo

Same mjini upepo hauna adabu. Ukirekodi wimbo wa huzuni, mabati yanaitikia kama kwaya iliyoshiba. Ndiyo maana bendi ya Korongo, watu watatu tu na muziki wao wa roki, walipanda milimani kurekodi albamu kwenye ghala la tangawizi la shangazi yake Ikupa. Ikupa ndiye mwimbaji, na gitaa ni lake. Majaliwa anapiga besi, na kompyuta ni yake, kwa hiyo na kiburi ni chake. Yona anapiga dramu.

Gitaa na besi za nyimbo zote zilishaingia, na sauti ya Ikupa ilisubiri dramu za Yona, ambazo zilikuwa zinaingia na kufutwa. Alikuwa na ugonjwa mmoja: mara anakokota, mara anakimbia. Majaliwa akamwekea mlio wa tik tik masikioni umwongoze. Wapi.

"Kaka, unapiga kama mtu anayeshuka mlima na ndala," Majaliwa alimwambia. "Kompyuta ikipiga hizi dramu, haikoseagi."

"Na vyombo itakusaidia kubeba?"

Yona alicheka, ila si sana. Mama yake kule kijijini Kisiwani alishawatangazia majirani wote, hadi wachunga ng'ombe, kwamba mwanawe atasikika kwenye albamu. Asiposikika, atarudije?

Ili sauti za nje zisiingie, walipanga magunia ya tangawizi hadi juu, wakaegemeza magodoro mlangoni. Hata jogoo wa shangazi hakusikika. Na asubuhi moja, shangazi akiwa gulioni, baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilipopigwa kuita watu, nalo halikusikika. Kijiji kizima kikaenda kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kwenye ghala hakutoka mtu.

Mchana mlango ukagongwa mpaka magodoro yakaanguka. Alikuwa Mzee Anaeli, msimamizi wa mfereji wa ndiva, na vijana wawili wenye tope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee," Yona alisema.

"Marahaba. Baragumu hamkulisikia?"

"Hatukulisikia, mzee. Tulikuwa tumeziba."

"Mmeziba masikio?"

"Tumeziba nyumba."

Mzee akayatazama magodoro, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuja kuona wagonjwa. "Nyumba isiyotoa mtu tunachukua kitu, mpaka ije ifanye kazi. Huwa kuku, au jembe. Nyie mna nini?"

Macho yake yakatua kwenye ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu. Ikabebwa juujuu.

Majaliwa hakulia. "Basi imeamuliwa," alisema, akaisogeza kompyuta karibu.

Kesho yake Yona alikwenda kwenye ndiva peke yake, na jembe la kuazima. Kina mama walimpokea kwa utani.

"We fundi wa ngoma, mbona tope unalishika kama unaogesha mtoto?"

"Naogopa kulikosea, mama, nisije nikakamatwa na mimi."

Jioni akarudishiwa ngoma yake. Kwenye tundu la mbele mtu alishahifadhi viazi.

Alifika ghalani kaibeba kichwani, akakuta wimbo wa mwisho unalia, ule Ikupa aliomtungia marehemu baba yake. Dramu za kompyuta zilikuwa zimenyooka kama reli. Yona alisimama mlangoni akisikiliza. Zilikuwa safi, na hilo ndilo lililomuuma.

Ikupa akavua spika za masikioni. "Siwezi."

"Imba tena, mara ya mwisho," Majaliwa alisema.

"Mara ya mwisho tangu asubuhi. Nikifika pale ninapomtaja baba nataka kuvuta pumzi, hii kitu imeshaondoka. Hainingoji."

"Si uwahi."

"Nimlilie baba yangu kwa kuwahi?"

Bila kumwangalia mtu, Majaliwa akafungua rekodi ya kwanza, ile ya majaribio waliyopiga wote pamoja kabla ya tik tik, akaipitia mstari kwa mstari. Pale Yona alipokokota, Ikupa alikuwa anavuta pumzi. Pale alipokimbia, Ikupa ndiye aliyetangulia kukimbia.

"Kumbe ulikuwa unamfuata huyu," Majaliwa alimwambia Yona taratibu. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa sijui," Yona alijibu. "Mi nilijua nakosea tu."

Majaliwa akachomoa waya wa tik tik. Akaomba wimbo mmoja ubaki na dramu za kompyuta, maana kazitolea jasho, na wakamwachia ule ambao hakuna aliyeupenda. Ikupa akageuza kiti, akaketi uso kwa uso na Yona, wakaanza upya.

Walipofika pale anapotajwa baba, sauti ya Ikupa ikakatika. Akainama juu ya gitaa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote. Yona akabaki na mikono juu na mguu hewani, macho kwenye mabega ya Ikupa. Majaliwa akasogeza kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, kisha akakiondoa.

Mabega yakapanda kwa pumzi, na Yona akashusha mguu, ngoma ikalia.