Bingwa wa Kuzima Taa

Wale watu wa fulana za kijani waliingia mtaani kwa mbwembwe, kila mmoja na kalamu sikioni, utadhani umeme waliugundua wao. Walijiita watu wa kujitolea. Kujitolea gani, jamani, kwenda kumfundisha fundi cherehani mwenye balbu moja jinsi ya kuzima taa?

Balbu moja! Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na pasi yake ya mkaa. Lakini fundi aliwasikiliza, tena kwa adabu, kwa sababu ya zawadi: jiko la gesi na mtungi wake, kwa nyumba itakayopunguza umeme kuliko zote mwezi wa pili. Mama yake alikuwa ndani, kifua kinambana, na daktari alishasema wazi kwamba moshi wa mkaa utammaliza.

Mwezi wa kwanza mita zikasomwa. Fundi, uniti sita. Jirani yake, yule waliyembatiza Mama Mafriji kwa kuwa anayo matatu, uniti mia tatu na kumi. Wala hakuficha.

"Shoga, nimewasha mpaka taa za uani mchana kutwa," alimwambia fundi huku anakenua meno. "Mwezi ujao nazima. Kwani hujui hesabu?"

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Mwezi wa pili alishonea mlangoni mpaka macho yakamuuma, na chakula wakala kwa kupapasa. Uniti nne.

Siku ya zawadi jenereta lilinguruma tangu asubuhi, ili spika za hao waokoa umeme zipate kupiga kelele. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu aliyetanguliza kitambi, akamwita Mama Mafriji mbele. Kapunguza uniti mia mbili! Makofi, vigelegele, upuuzi mtupu.

Fundi alisimama, damu inamchemka. "Mwalimu, huyu bado anatumia mia na kumi. Mimi natumia nne!"

"Dada yangu," mwalimu alimjibu kwa sauti ya kubembelezea watoto, "wewe umepunguza mbili tu. Sisi tunakwenda na takwimu. Jitahidi mwakani."

Akampa cheti cha ushiriki. Hana haya wala hajui vibaya, akataka na kupiga naye picha.

Nyumbani, mama aliinua kichwa kitandani. "Tumepata?"

Fundi aliwasha balbu, saa nane mchana, jua kali nje.

"We mtoto, taa mchana kweupe?"

"Iache iwake, mama. Mashindano ya mwakani nimeshaanza."

Kisha akachana cheti vipande vipande, akavitia chini ya mkaa kwenye jiko, akawasha kiberiti. Mama akavuta shuka mpaka puani, akageukia ukutani.