Cedric ya Baba Mumbua

Pale Kathonzweni watu walisema Mulinge ana wake wawili: Wayua, mama yake Mumbua, na Nissan Cedric ya mwaka 1985. Mzaha huo aliuanzisha Wayua mwenyewe. Mtu akija kumtafuta mumewe, humwelekeza kwenye kibanda cha gari. "Yuko kwa mke mwenzangu," husema. "Anamwosha uso."

Na ole wako uulize hilo ni gari gani. Mulinge huanzia mwaka 1960, Cedric ya kwanza ilipotoka Japani. Hupitia 1983, ilipotiwa injini ya V6, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi nchini humo. Halafu hushusha sauti afike 2004, saloon hiyo ilipoachwa na nafasi yake kupewa Fuga. Jina hilo la Fuga hulitamka kama mtu aliyemeza mwarobaini. Wayua aliijua hadithi hiyo hata mahali mumewe anapovuta pumzi.

Sasa, Mulinge akapata habari kwamba Kwa Vonza kuna mfanyabiashara kutoka Murang'a, Githaiga, mwenye Nissan Gloria. Gloria na Cedric ni kama pacha, na Githaiga alikuwa na kioo cha ziada cha taa ya nyuma, ambacho Mulinge alikuwa akikitafuta. Jumamosi asubuhi, Mulinge akavaa koti na kumpakia mkewe, wakaenda.

Walipofika, wanaume wale waliyasalimia magari kwanza, ndipo wakasalimiana wenyewe.

"Gloria ilizaliwa na kampuni ya Prince," Githaiga alijitapa. "Nissan waliichukua baadaye."

"Basi ni mtoto wa kambo," Mulinge akamjibu.

Mke wa Githaiga, Waringa, alitoka nje akiwa amevalia kitenge cha kwaya. Alimtazama Wayua, Wayua akamtazama, wakaangua kicheko kama watu waliosoma darasa moja.

Lakini Waringa alikuwa na haraka. Kulikuwa na harusi kanisani, mbali kidogo na soko, na yeye ndiye aliyekuwa aanzishe wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Wenzake wanne wa kwaya walikuwa wamefika tayari. Githaiga akawasha Gloria. Kimya. Ilikuwa imekaa bila kuendeshwa hadi betri ikalala. Wanaume wakafungua boneti, wakainama, na baada ya muda mfupi walikuwa wamesahau walichokuwa wakitafuta. Wakaanza kulinganisha injini.

"Baba Mumbua," Wayua aliita, "si utupeleke na yako?"

"Dakika moja tu," Mulinge alisema bila kuinua kichwa.

Simu ya Waringa ikalia. Bibi harusi alikuwa langoni.

Wayua alichungulia ndani ya Cedric; ufunguo ulikuwa pale pale ulipoachwa. Zamani, kabla ya magoti kumsumbua, alikuwa akiendesha pikapu ya chama chao cha kuuza ndengu. Akafungua mlango. "Ingieni," alisema.

Waliingia wote sita bila kubanana, kwa sababu gia ilikuwa kando ya usukani na kiti cha mbele kilikuwa kimenyooka kutoka mlango hadi mlango.

"Mama, kwani unaijua hii gari?" Waringa aliuliza, ameshika mkufu wake.

"Nimehubiriwa hii gari tangu niolewe. Nisipoijua sasa, mimi ni mpagani."

Gari likaondoka taratibu. Barabara ilikuwa na mashimo, lakini Cedric iliyapita kama pasi juu ya shuka. Wayua alisikia raha ikimpanda mgongoni. Akaelewa, na akaudhika kidogo kwamba ameelewa.

Kule nyuma, Mulinge aliinua kichwa ghafla. "Hiyo ni V6," alisema.

"Ni yako," Githaiga alisema. "Inaenda."

Wanaume hao walifika kanisani kwa bodaboda moja, wamekumbatiana, nyusi nyeupe kwa vumbi. Wimbo ulikuwa umeshaimbwa na bibi harusi alikuwa ameshaingia. Wayua alikuwa nje, ameegemea mlango wa Cedric. Mulinge alilizunguka gari lote akitafuta mkwaruzo. Hakuuona.

"Ulikanyaga mafuta sana?" aliuliza.

"Mara moja tu. Ilifurahi."

Mulinge alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoroka. Alinyoosha mkono apewe ufunguo. Wayua akamfungulia mlango wa nyuma.

Miaka yote hiyo Mulinge hakuwahi kuketi nyuma katika gari lake. Akazama katika kiti cha mahameli, akanyoosha miguu, akashusha egemeo la mkono katikati. Wakirudi nyumbani, walipokaribia mji wa Wote, redio ikaanza kuruka kutoka injili hadi taarab, kutoka taarab hadi bei za mifugo.

"Mama Mumbua! Huku kuna vitufe!"

"Baba Mumbua, chagua stesheni moja. Utanitoa barabarani."

Akachagua injili. Siku hizi, Jumapili, Wayua ndiye anayeshika usukani kwenda kanisani, na Mulinge hushuka mlango wa nyuma akipungia watu mkono kama gavana.