Kadi za Kwenda Odessa

Mimi, Mwanakheir, nina ulimi mkali, na mwaka 1970 ulikuwa mkali zaidi, maana nilikuwa na miaka kumi na tisa na watu walishaniambia nina akili. Niliwekwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazi kwenye chumba cha ghorofani pale mtaa wa Malindi karibu na bandari, chini ya mtaalamu wa Kirusi tuliyemwita Bi Galina. Alikuja kutufundisha kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwapo. Ilikuwa Odessa, huko kwao ng'ambo.

Sisi tulikuwa na mashine ya kutoboa kadi tu. Unaandika programu kwenye karatasi, unaitoboa mstari mmoja kadi moja, unatia kwenye bahasha, meli inachukua, na baada ya wiki sita unaletewa jibu. Ukikosea nukta moja, wiki sita zimekwenda na maji.

Tulikuwa wawili, mimi na Mabrouk wa Mwanakwerekwe, kijana mpole mpaka anaudhi. Kila mmoja alipewa kazi ileile: programu ya kupiga hesabu ya maji ya bahari ya Kiwengwa mwaka mzima, lini bamvua, yale maji makubwa, na saa ngapi yanapwa. Nafasi ya kwenda kusoma Odessa ilikuwa moja, ya yule ambaye jedwali lake litarudi sawa. Wallahi niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota.

Siku ya meli, masika yalikuwa yamekaza na kadi zimevimba kwa unyevu. Bi Galina akazishika, akaguna, akasema zitakwama kwenye mashine. Mama yangu, Bi Sichana, hakuona shida yoyote. Alikuja na chetezo chake cha makaa, akakifunika tenga kama anayefukiza nguo, akatia na udi kidogo, tukazipanga kadi juu yake kwa mafungu. Adhuhuri zikawa kavu, zinanukia kama bibi harusi.

Mimi kwa pupa yangu nikalikumba tenga kwa mguu. Kadi zote chini, zangu na za Mabrouk.

Bi Galina alishatwambia tuchore mstari wa mshazari kwa penseli ubavuni mwa rundo, zikichanganyika tujue kuzipanga. Mabrouk alichora. Mimi nilimcheka, nikamwambia mstari wa nini na kichwa ninacho. Basi yeye alimaliza kwa robo saa, mimi nikabaki sakafuni na kadi mia mbili, nalia kwa hasira.

Mabrouk akakaa kando yangu. Akawa anasoma matundu kadi kwa kadi, mimi namwambia ipi inafuata ipi. Tulipokaribia mwisho akaweka kidole juu ya kadi moja.

"Mwanakheir, hapa unahesabu miezi. Ikifika kumi na mbili hujaiambia isimame. Itazunguka mpaka watu wa Odessa waende likizo."

"Nani kakuuliza?"

Lakini nikatazama. Kweli. Nikaenda kutoboa kadi mpya, uso umenivimba, na ahsante sikutoa.

"Nawe nitazamie yangu," akasema.

"Meli inaondoka," nikamjibu.

Meli ilikuwa inaondoka saa kumi, na ile ilikuwa saa nane u nusu. Nilikuwa nimenuna tu, sikutaka kumpa.

Baada ya wiki sita Bi Galina akafungua bahasha. Jedwali langu lilirudi kurasa kumi na mbili, kila maji mahali pake. La Mabrouk lilikwenda vizuri Januari na Februari, halafu likaharibika lote. Bi Galina akanipa mimi karatasi ya Mabrouk, nitafute kosa. Nililiona kabla sijakaa. Aliipa Februari siku thelathini.

Mabrouk alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Siku ile ungetazama, ungeliona?"

Nilitafuta uongo wa kumwambia, sikuupata. "Ningeliona."

Nafasi nilishaipata, na nilitamani sakafu inimeze. Afadhali angenitukana, ningejua la kumjibu. Aliikunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi huko Odessa," akasema, "mtu akikuomba umtazamie, mtazamie."

"Nshasikia," nikasema. Tangu siku ile nimetazama programu za watu mia, na yake sikupata kuitazama.