Mvua Haimo Kwenye Ratiba

Mwaka wa 2000, Ndambuki wa Kitengela aliacha ualimu akawa mshauri wa usimamizi wa maarifa. Kazi hiyo, kama alivyomweleza mkewe Muthoki mara tatu, ilikuwa kuwauliza watu wanachokijua, kukiandika kwa maneno wasiyoyajua, kisha kuwarudishia.

"Na wanakulipa?" Muthoki aliuliza.

Bado. Shirika moja la hisani lilikuwa limempa warsha ya majaribio kwa wafugaji arobaini karibu na Kajiado. Iwapo Bi. Elsie Odero, mkaguzi wa shirika hilo, angewakuta wote Ijumaa, angetia saini mkataba wa miaka mitatu. La sivyo, Ndambuki angebaki bila ushauri na bila chaki.

Jumatano wakakutana katika kanisa la mabati. Mada ilikuwa "Kuisikiliza Jamii". Salamu na habari zilitengewa dakika tano.

Mzee Simel, mmoja wa wafugaji, akasimama. Wamaasai hawaanzi shauri kabla ya kupeana habari, nazo hutolewa kwa utaratibu: mtu alikolala, malisho, maradhi, hadi mwisho. Simel alikuwa bado kwenye habari za ndama mgonjwa Ndambuki alipoinua saa yake.

"Mzee, muda umekwisha. Zilizosalia tutazipokea kwenye mengineyo."

"Sijafika kwenye mvua, mwalimu."

"Mvua haimo kwenye ratiba."

"Ikija basi uifukuze!" mama mmoja akadakia, nao wakaangua kicheko. Ndambuki akaandika: *Washiriki wamechangamka.* Kisha akawafundisha kusikiliza kwa saa sita. Mengineyo yalipowadia, watu walikuwa wamekwenda kukamua ng'ombe.

Ijumaa Bi. Odero alikuta viti arobaini vilivyopangwa kwa unadhifu wa kupendeza. Kimoja kilikuwa na mtu.

"Wenzako wako wapi, Mzee Simel?" Ndambuki aliuliza.

"Walihama na mifugo jana alfajiri. Mvua imenyesha upande wa Loitokitok. Mimi nimebaki kwa heshima ya mgeni."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mwanafunzi anayerudia darasa. "Nilikuwa njiani kukuambia, ukanikalisha."

Bi. Odero akavuta kiti. "Nami nina siku nzima, baba. Anzia popote."

Wakazungumza hadi adhuhuri, mgeni akijaza kurasa kumi na moja za daftari lake. Ndambuki, aliyekuwa bado na matumaini, akamkabidhi ripoti yake, iliyopigwa chapa Alhamisi ili kuokoa muda. Mgeni akasoma kwa sauti: "Siku ya Ijumaa, washiriki wote arobaini walimweleza mgeni shukrani zao."

"Arobaini?" Simel akageuka kuvitazama viti. "Walipitia wapi? Nimekaa mlangoni tangu asubuhi."

Bi. Odero akaifunga ripoti, akaurudisha mkataba mkobani bila kuutia saini, akamwomba mzee amwonyeshe njia ya Loitokitok.