Hewa Kwenye Usukani

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa sikio la kikombe. Kila asubuhi nilimwekea Baba chai, sikio la kikombe likielekea mkono wake wa kulia. Nikirudi kuondoa vyombo nililikuta limegeuzwa kushoto. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya nne nikajua kwamba bega lake la kulia linauma, na kwamba hataki mtu ajue. Nikaanza kumwekea kikombe kikiwa kimeshageuzwa. Hakusema kitu, nami sikusema. Ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye.

Baba huvusha watu kwa boti, walimu, wauguzi na wauza nguo, kutoka gati la upande wetu hadi la ng'ambo. Boti yetu ni ndogo, ya watu wanane, na injini imefungwa nyuma. Kwa miaka ishirini na sita aliiongoza kwa kushika mkono wa injini yenyewe, bega likitikiswa kutwa nzima. Mkono huo ni mkaidi. Ukiusukuma kulia, boti huenda kushoto; ukiusukuma kushoto, boti huenda kulia. Baba hakuwa akiliwaza tena jambo hilo, kama mtu asivyowaza akimeza mate.

Mjomba, kaka yake Mama, ni fundi wa injini za boti. Nafanya kazi kwenye karakana yake tangu nilipoacha shule darasa la tano, na injini zikishatengenezwa mimi ndiye hutoka nazo majini kuzijaribu. Huniita Kimya. "Kimya, lete spana ya kumi na tatu. Usijibu, najua umesikia."

Ni yeye aliyekuja na habari ya usukani.

"Shemeji, tukufungie usukani wa mafuta. Utakaa mbele kama bwana harusi, unageuza kwa kidole."

"Usukani ni wa magari," Baba akasema.

"Na hilo bega ni la nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni. Kumbe naye alikuwa ameona. "Usukani, au ukae hapa unimenyee vitunguu. Chagua."

Baba aliviogopa vitunguu kuliko usukani.

Kazi ilichukua siku mbili. Mjomba alifunga pampu ndogo nyuma ya usukani, akafunga silinda penye injini, kisha akaviunganisha kwa mipira miwili myembamba. Ukigeuza usukani, pampu husukuma mafuta kwenye mpira mmojawapo, na silinda huigeuza injini. Mimi nilipewa kazi ya kutoa hewa. Unageuza usukani hadi mwisho, unalegeza nati ndogo kwenye silinda, mafuta yanatoka na mapovu yake, unakaza, unaongeza mafuta, unageuza upande wa pili. Unarudia mpaka mapovu yaishe.

"Hewa ikibaki," Mjomba alisema, "usukani unalegea kama ulimi wa mlevi."

Siku ya kujaribu, Baba alikaa mbele, sisi wawili nyuma yake. Kwenye maji mapana mambo yalikwenda. Tulipokaribia gati, nguzo ikawa upande wetu wa kushoto. Baba alitaka kuikwepa, aende kulia, na mikono yake ikafanya ilivyozoea: ikageuza kushoto. Boti ikaifuata nguzo. Naye akazidi kugeuza. Mjomba aliwahi kuzima injini, lakini tuligonga, na ubao wa mbele ukapasuka.

Gatini alikuwepo Mbio, dereva asiye na boti, anayeitamani yetu. Akapiga makofi. "Nahodha! Leo umekuja kulibusu gati?"

Watu walicheka. Baba alishuka bila kumtazama mtu.

"Mmeufunga kinyume," alituambia.

Haukuwa kinyume. Mjomba alijua, na mimi nilijua.

Siku mbili Baba hakutoka nyumbani. Alimwambia Mama kwamba boti apewe Mbio, yeye amezeeka. Asubuhi ya pili nilikuta chai imepoa haijaguswa, na sikio la kikombe lilikuwa vilevile nilivyoliacha.

Kule karakanani Mjomba alisema bila kunitazama, "Tukiipishanisha ile mipira, wa huku uende kule, usukani utafuata mikono yake. Ni kazi ya nusu saa, pamoja na hewa yako."

Na akiendesha mtu mwingine? Swali lilinifika mdomoni. Sikulitoa. Nilishika spana.

Tulipomrudisha botini kujaribu tena, Baba aliizunguka nguzo kama anayezunguka kitanda chake gizani. "Mnaona?" alisema. "Sasa mmeufunga sawa."

"Fundi naye hukosea, Shemeji," Mjomba akajibu, akameza fahari yake kama kidonge bila maji.

Ikapita miezi miwili. Baba alirudi kuwa Baba, akiwatania abiria wake, akila vizuri. Kisha akashikwa na homa, na asubuhi moja Mama akapita karakanani akielekea dukani. "Leo Mbio anavusha abiria wa baba yako," alisema.

Nilikimbia na spana mkononi. Mbio alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini ikinguruma, watu saba ndani. Mkunga alikuwa ameupakata mkoba wake. Ilibaki kamba moja kufunguliwa.

"Usiguse!"

Watu waligeuka kutafuta aliyesema.

"Kumbe Kimya ana sauti!" Mbio alicheka. "Nisiguse nini, mdogo wangu?"

Ningesema ukweli, gati zima lingejua habari za mikono ya Baba.

"Usukani una hewa," nilisema. "Mimi ndiye ninayeujua."

"Wewe? Uvushe watu?"

"Ng'ambo kuna mwanamke ana uchungu," mkunga akasema, "na mtoto wake hatasubiri hewa itoke. Mbio, inuka hapo. Binti, kaa."

Nilikaa. Nilivuka polepole, nikitaka kwenda kulia nageuza kushoto, jasho likiniingia machoni. Katikati ya maji nilitazama nyuma nikawaona wale watu saba, mmoja anasinzia, na nikaelewa nilichokuwa nimekaza kwa spana ile.

Jioni Baba aliniita kitandani kwake. "Naambiwa usukani una hewa."

"Ndiyo, Baba."

"Basi itoe. Yote."

Kesho yake niliirudisha mipira mahali pake. Mjomba aliona ninachofanya. Aliniletea mafuta.

Baba alipopata nafuu nilimwambia, "Nimeitoa." Tulitoka wawili, mapema, kabla ya abiria, mbali na gati. Aligeuza kushoto, boti ikaenda kushoto. Hakushtuka. Akageuza kulia.

"Mikono mizee mibishi," alisema. "Itabidi nayo ianze darasa la kwanza."

Kwa wiki tatu tulizunguka hivyo kila alfajiri, na abiria nikawavusha mimi. Kila mikono yake ilipoanza kukosea, nilikohoa, naye akairekebisha. Sasa anaingia gatini bila kikohozi changu. Mbio bado humrushia mabusu kutoka juu ya ngazi.

Baba hajaniuliza kitu mpaka leo, nami sijamwambia. Basi nasema hapa. Baba, haikuwa hewa. Siku uliyogonga nguzo usukani ulikuwa sawa, mikono yako ndiyo iliyokosea, nami nilijua. Sikuweza kuvumilia kukuona umekosea mbele ya watu, nikashika spana, na kwa miezi miwili kila aliyepanda boti yetu alibeba siri yangu bila kujua. Laiti ningekohoa siku ile ile.