Mgeni wa Siku Nne

Kufikia siku ya tatu, hakuna mtu ndani ya basi aliyekuwa na hamu ya kuimba tena. Walipotoka Karatu alfajiri ya Alhamisi waliimba mapambio mpaka Mto wa Mbu. Sasa miguu ilikuwa imevimba, shingo zimekaza, na kiti cha Laurencia, ambacho hakikulala wala hakikusimama wima, kilikuwa kimemchoma mgongoni kwa chuma chake mpaka akazoea. Nairobi waliiona kupitia dirishani, wakiwa kwenye foleni. Naivasha walilala wanne wanne chumba kimoja, na boti ya kwenda kutazama viboko haikutoka kwa sababu ya upepo.

"Wageni wangu!" Emilian aliita kutoka mbele. Yeye ndiye aliyeandaa safari hii ya kwenda Kenya kwa bei ya chini. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa watalii, na hakujua namna nyingine ya kusema na watu waliokaa nyuma yake. "Wageni wangu, kwa kuwa viboko tumewakosa, nina zawadi. Tunapita Narok, tunakwenda kuona boma la Wamasai!"

Mama Bertha akaangua kicheko. Alikuwa mwenye duka la vitenge pale Karatu, mzaliwa wa Rombo, na sauti yake ilijaa basi zima.

"Emilian, baba, umetutoa Karatu mpaka huku kuona Wamasai? Si ungetupeleka mnada wa ng'ombe tu, tukarudi kula nyumbani?"

"Hawa ni wa Kenya, mama."

"Wana tofauti gani? Wanaruka juu zaidi?" Akageuka nyuma. "Samahani, mwanangu Naserian. Wewe sikusemi."

"Hamna shida, mama," alijibu Naserian, akatabasamu kwa midomo tu.

Alikuwa amekaa dirishani, kando ya Laurencia, kama walivyokaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Walipomaliza shule Laurencia alikwenda chuo cha ualimu, Naserian akarudi kwao Kakesio. Sasa ni mwaka wa sita akifanya kazi kwenye boma la utalii, juu kule Ngorongoro, kando ya barabara. Gari zikisimama anaimba na wenzake, anatikisa shanga, halafu anawaingiza wageni ndani ya nyumba: hapa ni jiko, hapa wanalala ndama, hapa analala mama na watoto. Wanapiga picha, wanatoka, wanaingia wengine.

Stendi ya Karatu, kabla hawajapanda, alikuwa amemshika Laurencia mkono. "Lau, usimwambie mtu kazi yangu. Siku hizi nne nataka na mimi niwe mgeni. Nikae, nionyeshwe vitu." Laurencia aliahidi. Na kweli hakuna aliyejua. Hata Emilian, aliyesimamisha gari lake kwenye boma lile mara zisizohesabika, hakumtambua. Kwake yeye wasichana wa pale walikuwa shuka na shanga tu, na huyu alivaa sketi ya marinda na sweta la kijivu.

"Mimi sishuki," Naserian alinong'ona basi lilipoacha lami.

Lakini dereva wa basi alitaka kufunga milango na kufagia, akawashusha wote. Walisimama kwenye vumbi wakijinyoosha. Wanawake wa boma walikuwa wamekwisha kujipanga, wakaanza wimbo wa kukaribisha. Laurencia hakuelewa maneno, ila alisikia uchovu uliokuwemo. Mmoja aliimba huku akitazama saa ya mkononi. Alimwangalia rafiki yake. Naserian alikuwa ameinamia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yakitaka kwenda, na yeye akiyazuia.

Wimbo ulipoisha, bibi mmoja mfupi, mwenye kipara kinachong'aa, akaja kuwasalimu mmoja mmoja. Watu wa Karatu walimpa mikono, kama wageni wanavyofanya. Alipofika kwa Naserian hakukutana na mkono. Naserian alikuwa ameinamisha kichwa mbele yake, kama anavyofanya nyumbani kwa kila mtu mzima, bila hata kufikiri.

Bibi akasita. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kile kichwa, akakiacha hapo, akasema neno kwa Kimasai. Naserian akajibu taratibu.

Emilian alikodoa macho. Ilikuwa ni ile shingo iliyoinama aliyoitambua.

"Eeh! Huyu si wa pale kwetu juu? Yule anayeingiza wageni kwenye nyumba! Wageni wangu, kumbe tunaye mtaalamu humuhumu!"

"Usiniambie!" Mama Bertha alipiga makofi. "Naserian, mwanangu, ingia ucheze! Waonyeshe hawa wa Kenya!"

"Tanzania! Tanzania!" wengine wakaitikia, na kwa mara ya kwanza tangu jana watu walichangamka. Simu zikainuliwa. Mtu alikwishachukua ushanga mpana kwenye meza ya biashara, akawa anamvisha shingoni. Naserian alitabasamu. Laurencia alilifahamu tabasamu lile; aliwahi kuliona kwenye picha za wazungu. Magoti ya Naserian yalianza kukunjika taratibu, tayari kwa kazi.

Laurencia alikuwa mtu wa kuogopa watu. Kwenye mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wa nyuma walikuwa wakimwambia, "Mwalimu, hatusikii."

"Mwacheni!"

Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Watu wakageuka.

"Mwacheni, jamani. Amepanda basi lilelile mlilopanda. Naye amechoka. Naye ni mgeni." Machozi yalimjaa, akaona aibu, ila hakunyamaza. "Mama Bertha, ukienda kusalimia watu, wanakukalisha nyuma ya meza uwauzie vitenge?"

Simu zikashuka moja moja. Naserian akauvua ule ushanga, akaurudisha mezani polepole.

Bibi aliuliza kumetokea nini. Naserian alimweleza kwa Kimasai, maneno machache. Bibi alicheka hadi ufizi ukaonekana, kisha akamwuliza kitu. Naserian akamjibu kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Laurencia aliuliza.

"Anauliza nimekuja kwao kutazama nini. Nimemwambia nimekuja kupumzika."

Bibi akamshika kifundo cha mkono, akamvuta kuelekea nyumba yake. Laurencia akafuata.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi. Naserian alisimama palepale pembeni ya mlango, mahali anaposimama mwenye kuelezea. Bibi akapigapiga kitanda cha ngozi kwa kiganja, kumwonyesha akae. Naserian hakusogea.

"Lau, unajua sijawahi kukikalia?" alisema. "Kile cha kwetu cha kuonyesha. Mara zote nasimama."

Alikaa. Alipewa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akaulizwa ya ukoo wake, ya mvua, ya ng'ombe wa baba yake. Alijibu la kwanza, akajibu la pili, na katikati ya la tatu akalala, kikombe kikiwa bado mkononi. Laurencia alikichukua kabla hakijamwagika.

Honi ya basi ililia. Ikalia tena. Mwisho Emilian mwenyewe akaja, akainama mlangoni, na Laurencia akamzibia njia.

"Dada, twende. Tukichelewa tutakuta maduka ya Nairobi yamefungwa, na akina mama watanila nyama."

"Naomba wasubiri, kaka Emilian."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aamke."

Emilian alichungulia juu ya bega lake, akitegemea labda utani. Aliona miguu yenye soksi iliyochomoza kitandani. Akajikuna kisogo, akatazama basi, akatazama jua.

"Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie mwenyeji wake amekataa asiamshwe."

Aliondoka akiburuta miguu, na baada ya muda sauti ya Mama Bertha ikapaa kutoka kwenye basi, ikilalamika. Laurencia alikaa kizingitini na kuegemeza mgongo wake unaouma. Ndani, bibi alikuwa ameshika pindo la shuka lake, akifukuza nzi usoni pa Naserian.