Hodi ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba zamu yangu ya kuanguka imefika. Ilikuwa saa kumi alasiri. Zulia la sebuleni ndilo lililonikumbusha, kwa adabu, likasema limenisubiri tangu saa tisa na nusu na lina kazi nyingine.

Nikaliuliza ni nani aliyenipangia zamu hiyo. Likasema imo kwenye majibu yangu.

Hapa inabidi nieleze, maana si kila mtu anaishi na zulia la aina hii. Mwezi wa Ramadhani niliteleza bafuni, mara moja tu, kwa sababu ya sabuni, na sabuni yenyewe haikuulizwa chochote. Mwanangu Mbwana, anayefanya kazi Maskati, alilia kwenye simu mpaka nikamwonea huruma. Baada ya Idi akatuma mafundi wa kampuni fulani waje kuifundisha nyumba yangu ya Ngamiani, hapa Tanga, namna ya kunitunza. Wakaweka vihisi chini ya zulia, kidude kinachosema juu ya meza, sanduku la dawa linalolia, bangili ya kupima mapigo ya moyo, na mlango wenye jicho.

Kabla ya kuviwasha walikuwa na maswali arobaini na mawili, ili mfumo unijue mimi hasa na si bibi mwingine. Fundi aliyasoma akiwa amekaa kwenye kiti changu, nami nimesimama mbele yake na sinia la kahawa, lakini aliyejibu alikuwa Mbwana, kwa simu. Je, mtumiaji huanguka? Ndiyo. Je, mtumiaji hutumia chumvi? Hapana. Je, mtumiaji hutoka nje? Mara chache. Nina miaka sabini na minne na masikio yangu yote mawili yanafanya kazi. Nilikasirika, nikainywa ile kahawa yote mwenyewe.

Swali la mwisho lilikuwa ni nani wanaoruhusiwa kuingia. Mbwana akataja watu watatu: yeye, mkewe, na muuguzi wa Jumatatu. Shoga yangu Mwanjaa, ambaye kwa miaka thelathini na zaidi ameingia kwangu kila siku baada ya sala ya alasiri, hakutajwa. Sisemi alifanya kwa ubaya. Mbwana amekua akimwona humu ndani, akasahau kumtaja kama mtu anavyosahau kutaja ukuta.

Basi Alhamisi iliyopita Mwanjaa alikuja, akapiga hodi. Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu bila kukaribishwa unaondoka, na mwenye heshima zake hapigi ya nne. Mlango ulimjibu kwamba mgeni hatambuliki. Akapiga ya pili, ukamwambia arudi nyuma hatua mbili. Mimi nilikuwa chumbani natafuta kandambili, na mguu wangu wa kushoto una mambo yake. Nilipofika sebuleni hodi zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo hajaja, na simu zangu hapokei. Siku ya tano hii nakunywa kahawa peke yangu, na inaniuma, sifichi.

Turudi kwenye ndoto.

Zulia linaninyooshea fomu. Imeandikwa: mtumiaji huanguka. Naliambia kwamba leo sijisikii kuanguka. Linasema halina mahali pa kutia alama kwa jibu la namna hiyo; kuna "ameanguka" na kuna "anaanguka", basi.

"Anguka wewe," naliambia.

Zulia linafikiri kidogo, kisha linaanguka. Linaanguka kutoka sakafuni kwenda chini zaidi, jambo ambalo sikujua kuwa linawezekana. Huko chini nalisikia likimpigia simu Mbwana na kumwarifu kwamba mama yake ameanguka, ila hana majeraha, isipokuwa amekunjika pembe moja.

Bangili inaanza kulalamika. Inasema mapigo haya ni ya mtu mwenye hasira, na kwenye majibu yangu mimi sina hasira. Inaniomba, kama si usumbufu, nichague moyo mwingine. Naivua na kuitumbukiza kwenye mkebe wa chumvi, ambao nimeuficha nyuma ya mchele tangu mafundi walipoondoka.

"Mimi simo humu," inasema chumvi, kwa sauti ya chini. "Nipo njiani tu."

Naiambia isiogope. Na hapo ndipo naisikia sauti ya Mwanjaa huko nje.

"Hodi."

Nasema karibu. Neno linatoka vizuri, linavuka sebule, linafika mlangoni. Mlango unalikagua mbele na nyuma, kisha unalirudisha. Linanifikia mkononi likiwa limegongwa muhuri: sauti haitambuliki.

Naufuata mlango wenyewe na kuuambia ni mimi. Unanitazama kwa lile jicho lake. Unasema mtumiaji yuko ofisini, na unaomba kujua mimi ni nani na nina shida gani. Najibu kwamba naitwa Zaituni Shemhilu, na kwamba nyumba hii niliijenga chumba kimoja kimoja, wakati mlango wenyewe bado ni gogo huko msitu wa Amani.

"Hilo halikuulizwa," unasema mlango.

Nafungua friji nipate maji ya kupoza koo, naingia ofisini.

Ofisi hii naijua. Ni ule ukumbi wa simu nilikofanya kazi miaka ishirini na tisa, nikiwa opereta, na swichibodi ipo palepale na matundu yake na waya zake. Kuna baridi, na kwenye rafu ya juu kuna nusu tikiti maji. Kwenye kiti changu cha zamani amekaa bibi mmoja aliyevaa nguo zangu. Amechanwa vizuri. Ngozi yake haina chumvi hata kidogo na miguu yake yote miwili ina nidhamu. Mbele yake kuna kibao: MTUMIAJI.

Namsabahi. Namuuliza kama hajambo, anajibu ndiyo. Namuuliza jina lake nani, anajibu hapana. Namuuliza jana alikula nini, anajibu mara chache.

Namwambia kwamba Mwanjaa yuko mlangoni, ameshapiga hodi moja, na kwamba mlango unamsikiliza yeye peke yake, kwa hiyo aseme karibu mara moja, tuachane kwa wema. Anasema hapana, kwa upole sana, kama vile ananipa zawadi. Namuuliza kama anamjua Mwanjaa. Hapana.

Sijawahi kujichukia, lakini yule bibi nilimchukia. Nikamweleza hata hivyo. Nilimwambia kwamba mume wangu alipofariki, Mwanjaa alikaa nami eda nzima, miezi minne na siku kumi, akilala kwenye mkeka pale sebuleni kwangu, na asubuhi akinilazimisha kunywa uji. Nilipokataa alikunywa yeye bakuli langu mbele yangu, akisifia, mpaka nikaona wivu nikaomba. Ndivyo nilivyopona.

Bibi anaacha kusema ndiyo na hapana. Anageuza karatasi zake, anatazama na nyuma.

"Mume," anasema. "Hilo ni swali la ngapi?"

Namwambia halikuulizwa.

"Nilikuwa na mume," anasema tena, na anaziweka karatasi chini taratibu. Simchukii tena sana.

Kupitia mlango wa friji inaingia hodi ya pili. Imefika imechoka. Namjua Mwanjaa, hiyo ni sauti ya mtu ambaye ameshageuza mguu mmoja.

Natazama swichibodi. Juu ya tundu moja pameandikwa MLANGO. Waya unaotoka hapo unapita juu ya meza na kuingia kwenye mkono wa gauni la yule bibi. Hiyo ndiyo njia yote. Miaka ishirini na tisa nimewaunganisha watu: Korogwe na Lushoto, daktari na mgonjwa, mume na mke walionuniana. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa kwamba opereta haingii kwenye mazungumzo ya watu. Sikuivunja hata siku moja, hata siku niliposikia nikisengenywa. Sasa naivunja. Naushika waya.

Kidude cha mezani kinaingia kimevaa tai. Kumbe ndiye msimamizi. Kinasema, kwa usalama wangu, niuache waya mahali pake. Nakiuliza usalama wangu kinaujua kwa kipimo gani. Kinasema kwa kipimo cha watu waliowahi kuanguka. Kisha kinalegeza tai, na kinasema jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipoamka.

"Ukiuchomoa huo, Bi Zaituni, siku ukianguka hatutajua."

Si neno la kipuuzi. Nimelifikiria hata nikiwa macho, bafuni, nimeshikilia ukuta, na nimeogopa. Naogopa kufa sakafuni kwa sababu ya kipande cha sabuni. Lakini nilishajua la kujibu.

"Nikianguka ninyi mtapiga simu Maskati," nakiambia. "Atakayekuja kuniinua ni Mwanjaa."

Kidude kinatafuta kwenye maswali yote arobaini na mawili. Mwanjaa hayumo. Kinajipunguza sauti chenyewe.

Yule bibi ananyoosha mkono ili nipate kuchomoa vizuri. Ananiuliza kama nitarudi siku moja kumsimulia habari za mume.

"Mara chache," namwambia.

Nauchomoa. Nauchomeka kwenye fundo la kanga yangu, hapa kifuani, na mara ile naisikia nyumba yangu yote: feni, bomba linalovuja jikoni, zulia likirudi juu likihema, na huko barazani Mwanjaa akivuta pumzi. Hodi ya tatu imeshaanza kutoka. Nusu yake iko nje.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," nauambia mlango. "Karibu ndani, Mwanjaa."

Mlango unasema kwamba hilo la mwenye nyumba pia halikuulizwa.

"Nimejibu bila kuulizwa. Andika."

Unachukua muda. Nasikia kalamu ikikwaruza, maana kumbe mlango wangu una mwandiko mbaya. Kisha kitasa kinashuka.

Nikaamka. Palikuwa pamekucha, jua liko kwenye pazia, na mguu wa kushoto una mambo yake. Nilitoka sebuleni taratibu. Zulia lilikuwa zulia. Pembeni ya mlango kuna kioo kidogo ambacho mafundi walikibandika ukutani, kinachoonyesha orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, na kukigusa mtu anahitaji namba ya siri ambayo anayo Mbwana peke yake, huko aliko. Nilikisoma nikiwa nimesimama bila fimbo.

Majina yalikuwa manne. La nne lilikuwa la Mwanjaa. Kila jina lina safu inayosema nani kaliingiza, na kwenye yale matatu pameandikwa Mbwana. Kwenye la nne pameandikwa: mwenye nyumba.

Nilikuwa bado nimesimama hapo simu ilipolia. Mbwana akanipa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba. Akaniuliza kama kuna mtu ameingia akachezea mitambo, maana amepata taarifa kwamba orodha imebadilika alfajiri, na badiliko limetoka humuhumu ndani. Akasema nisiwe na wasiwasi, atalifuta hilo jina kwanza, kwa usalama wangu, halafu atauliza kampuni.

"Ukimfuta Mwanjaa, Mbwana, nifute na mimi."

Nilisikia magari ya huko kwao yakipita.

"Bi Mwanjaa," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ina maana sikumtaja?"

Nikamwambia hakumtaja. Nikamweleza habari za Alhamisi, hodi zote tatu, na majibu aliyopewa mtu aliyemfundisha yeye kutembea kwenye baraza hilohilo. Akaguna kama mtu aliyepigwa. Akasema jina halifutwi, na kwamba anampigia simu sasa hivi amwombe radhi.

Nilimwambia aache. Mlango ni wangu, na radhi naenda kuomba mwenyewe. Nikakata simu, nikafunga kanga vizuri, nikatoka.